Tundu la Kamera: Maana Yake na Matumizi Yake

Watu wengi wa Bonde la Rukwa na wa nyanda za juu za Ufipa siku hizi hupiga picha. Wengine wana simu, na walimu wachache na mafundi wa mjini Sumbawanga wana kamera kamili. Kila aliyepata kuitazama kamera kwa makini ameona kwamba juu ya kioo chake, au katika dirisha lake dogo, pana namba zilizopangwa hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Hata nyuma ya simu nyingi, karibu na jicho la kamera, au katika karatasi za maelezo yake, huandikwa herufi f, kisha mstari, kisha namba kama 1.8. Wengi huziona namba hizi na kuzipita, wakidhani ni alama za kiwanda. Sivyo. Namba hizo zaonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha nuru, na tundu hilo ndilo mlango wa kila picha.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mara nyingi mzee hupigwa picha moja au mbili tu katika maisha yake yote, na siku akifariki dunia, watoto huitafuta picha ile waiweke ukutani. Ikiwa uso wake umetoka mweusi kabisa, hata macho hayaonekani, hasara hiyo hailipiki, kwa maana mwenyewe hayupo apigwe tena. Kadhalika mtu hupeleka picha yake kwa ajili ya hati au kitambulisho, ikarudishwa kwa kuwa sura haitambulikani, naye akalazimika kupanda tena mlima kwa nauli nyingine. Basi yafaa tuelewe sababu ya mambo haya, na dawa yake.

Chumba chenye giza

Tuanze na neno lenyewe. Kamera ni neno la Kilatini, na maana yake ni chumba. Kamera ya kwanza haikuwa kisanduku cha kushika mkononi, bali chumba kizima ambacho mtu aliweza kuingia ndani. Na chumba hicho mwalimu yeyote aweza kukitengeneza shuleni kwake bila ya gharama.

Chagua chumba ambacho dirisha lake laelekea uwanja wenye jua kali. Ziba madirisha na mianya yote kwa mablanketi au maboksi, hata pawe na giza. Katika boksi lililoziba dirisha, toboa tundu moja tu, upana wake kama wa penseli. Kisha weka karatasi nyeupe au shuka mbele ya tundu, umbali wa hatua moja au mbili. Ngojeni kidogo mpaka macho yazoee giza. Ndipo wanafunzi watakapoona juu ya shuka ile picha ya mambo yaliyo nje: miti, paa la bati, mbingu, hata mwenzao apitaye uwanjani. Lakini yote yatakuwa juu chini: mbingu iko chini, na mtu anatembea kichwa kikielekea ardhini.

Sababu yake ni nyepesi. Nuru husafiri kwa njia iliyonyoka. Nuru itokayo juu ya mti, ikipita katika tundu, haina njia ila kuendelea kushuka, nayo huangukia chini ya shuka. Nuru itokayo kwenye shina hupanda na kuangukia juu. Ndivyo picha inavyopinduka.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa undani, yapata miaka elfu moja iliyopita, ni Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, na tena aliandika habari za kupatwa kwa jua, akieleza jinsi umbo la jua lililomegwa linavyoonekana likipitishwa katika tundu dogo.

Majani ya mwembe kama kamera

Habari hiyo ya kupatwa kwa jua si ngeni kwetu. Tarehe 1 Septemba 2016, kabla ya adhuhuri, mwezi ulipita mbele ya jua, na watu wa nchi hii waliona. Huko Rujewa, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, jua liligeuka kuwa mfano wa pete, kwa kuwa mwezi ulisimama katikati yake bila ya kulifunika lote. Watu wengi walisafiri kwenda huko kutazama. Na huku kwetu Rukwa sehemu kubwa ya jua ilifunikwa, hata likabaki mfano wa mwezi mwandamo.

Saa kama ile, mtu asimamaye chini ya mwembe na kutazama ardhini huona ajabu. Vile viduara vya nuru ambavyo kila siku hutapakaa chini ya mti havibaki viduara tena, bali huwa vipande vingi vya mwezi mwandamo, vyote vikielekea upande mmoja. Mtu aweza kudhani ni uchawi, lakini si uchawi. Kila mwanya mdogo baina ya majani ni tundu la kamera, na kila kiduara cha nuru ni picha ya jua. Siku zote twazikanyaga picha za jua wala hatujui, kwa sababu jua ni duara na picha yake ni duara. Siku jua linapomegwa, picha nazo humegwa.

Hapa pana onyo ambalo walimu na wazee wa vijiji yawapasa kulikumbuka. Jua lililopatwa lisitazamwe kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa kioo kilichopakwa moshi, wala kupitia kamera. Nuru yake huweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila ya maumivu yoyote, na mtoto akajikuta baadaye haoni vizuri, na jicho lisipone. Njia ya salama ni ile ya mwembe: geuzeni mgongo kwa jua, toboeni tundu la sindano katika karatasi ngumu, na tazameni picha inayoanguka juu ya karatasi ya pili. Wataalamu wa nyota wamekwisha kukokotoa kwamba tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa mfano wa pete, na njia yake itapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania. Basi somo hili lina siku yake inayokuja.

Tundu kubwa na tundu dogo

Wanafunzi wakiisha kuona picha katika chumba cha giza, waambie wapanue tundu. Picha itazidi kung'aa, lakini itafifia kingo zake, na sura hazitatambulikana. Waambie tena walipunguze. Picha itakuwa kali na safi, lakini hafifu kiasi kwamba yaonekana kwa shida. Hiyo ndiyo taabu waliyokuwa nayo watu wa zamani: ukitaka nuru, unapoteza ukali, ukitaka ukali, unapoteza nuru.

Dawa ya kwanza ilikuwa lenzi, yaani kioo kilichosuguliwa mfano wa dengu, ambacho hukusanya nuru nyingi na kuiunganisha mahali pamoja. Dawa ya pili ilikuwa kuweka mbele ya lenzi kizuizi chenye tundu la kipimo. Mwaka 1568 Daniele Barbaro wa Venice alieleza katika kitabu chake kwamba lenzi ikifunikwa kando na kuachwa wazi katikati tu, picha huwa safi zaidi. Kamera za leo zina kizuizi hicho ndani ya lenzi. Kimetengenezwa kwa mabamba membamba yanayopandana, nayo hufunguka na kufunga kama mboni ya jicho. Tazama jicho la paka: mchana mboni yake ni ufa mwembamba, na usiku ni duara pana. Paka hufanya hivyo bila ya kufundishwa. Mpiga picha sharti ajifunze.

Namba zasomwaje?

Jambo linalowachanganya watu ni hili: namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo. Wengi hudhani ni kinyume, wakaharibu kazi.

Sababu ni kwamba namba hizo ni hesabu ya kugawanya. Ile herufi f yasimama badala ya umbali kutoka lenzi hadi mahali inapokusanya nuru ya vitu vilivyo mbali. Umbali huo, ukigawanywa kwa namba iliyoandikwa, hutoa upana wa tundu. Chukua lenzi ya milimita 50. Ukiweka namba 2, tundu lina upana wa milimita 25. Ukiweka namba 4, ni milimita 12 na nusu. Ukiweka namba 8, ni milimita 6 na kidogo. Ukiweka namba 16, ni milimita 3 tu na kidogo. Ni kama kugawa mkate: mkate mmoja ukigawiwa watu 2, kila mmoja hupata kipande kikubwa; ukigawiwa watu 16, kila mmoja hupata tonge.

Tena namba hizo zimepangwa kwa hekima. Kila hatua moja kutoka 2 kwenda 2.8, kutoka 2.8 kwenda 4, na kuendelea, hupunguza nuru kwa nusu kamili. Msomaji aweza kuuliza: Kwa nini basi namba haziongezeki maradufu? Jibu ni kwamba nuru hupita katika eneo lote la tundu, si katika upana wake tu. Ukipunguza upana kwa nusu, eneo hubaki robo, kama vile shamba la hatua 10 kwa 10 ni robo ya shamba la hatua 20 kwa 20. Kwa hiyo, ili kupata nusu, upana hugawanywa kwa 1.4 hivi. Kutoka 2 hadi 16 ni hatua 6, na nuru hupungua mara 64.

Tundu na muda

Tundu halifanyi kazi peke yake. Mwenzake ni muda, yaani kipindi ambacho kilango cha kamera hubaki wazi. Fikiri unajaza debe kwa maji ya bomba. Ukifungua bomba sana, debe hujaa upesi. Ukifungua kidogo, hujaa polepole. Lakini debe ni lile lile. Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo, tundu 11 kwa muda wa sehemu moja katika 125 ya sekunde huleta nuru sawa na tundu 8 kwa sehemu moja katika 250, na sawa na tundu 16 kwa sehemu moja katika 60.

Ndiyo maana picha za kale zilikuwa na taabu kubwa. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja. Lakini baadaye aliiacha kamera, akachora kwa mkono. Kazi ya picha wakati ule ilihitaji dawa za maji, hema la giza, na muda mrefu ambao mtu hakupaswa kutikisika. Tangu mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza Brownie, kisanduku chepesi kwa bei ya dola moja ya Marekani. Tundu lake lilikuwa la kipimo kimoja na kilango chake cha mwendo mmoja, kwa hiyo mwenye nayo ilimpasa apige nje, juani, na watu wasimame kimya. 

Kwa wenye kamera za filamu ipo kanuni moja ya kukumbuka kwa moyo. Jua likiwa kali na mbingu safi, weka tundu 16, na muda uwe sehemu moja katika ile namba iliyoandikwa juu ya filamu. Filamu ikiwa 100, muda ni sehemu moja katika 100 ya sekunde, au 125 iliyo jirani yake. Wingu jepesi likifunika jua, fungua tundu hadi 11. Wingu zito, 8 au 5.6.

Kazi ya pili ya tundu

Tundu lina kazi nyingine, nayo ni kuamua vitu vingapi vitaonekana kwa ukali, vya karibu na vya mbali. Tundu likiwa pana, nuru ya kila kitu huingia kama pia nene. Kilicho mahali palipolengwa huwa kikali, na vingine hufifia. Tundu likiwa jembamba, pia nayo huwa nyembamba, na vitu vya karibu na vya mbali huonekana vyote.

Mfano: mwalimu wa Milepa ataka kupiga picha ya wanafunzi wake walio mbele, na nyuma yao uonekane ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa ulioligawa bonde na nyanda za juu. Atumie tundu 11 au 16, na watoto wataonekana pamoja na milima. Lakini akitaka uso wa bibi mmoja tu, na nyuma yake pana vyombo na kamba ya nguo, atumie 2.8 au 4, na vile vya nyuma vitafifia, uso ubaki peke yake. Katika picha ya darasa zima lililosimama safu tatu au nne, asitumie 2, maana safu ya mbele itakuwa safi na ya nyuma itafifia, na mzazi atalalamika kwamba mwanawe hatambulikani.

Kwa nini sura zetu hutoka nyeusi?

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari. Kamera za leo hupima nuru zenyewe. Lakini kipimo chao hakijui kinachotazama. Hudhani kwamba mambo yote yaliyo mbele yake, yakichanganywa, ni ya rangi ya kijivu ya wastani. Basi mtu mweusi akisimamishwa mbele ya mbingu nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kipimo huona weupe mwingi, huamini nuru imezidi, na huibana. Ukuta hutoka kijivu kizuri, na uso wa mtu huzama gizani. Kosa si la rangi ya mtu, wala si la jua letu. Ni kosa la kipimo, na la mpiga picha asiyekisahihisha.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya kati ya karne ya 20, maabara za kusafisha picha za rangi zilipewa na Kodak kadi za kulinganishia zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi zilirekebishwa hata ngozi yake ionekane vizuri, na ngozi nyeusi haikufikiriwa. Baadaye filamu na kadi hizo zilibadilishwa. Yafaa wazee wajue jambo hili, ili wasidhani picha zao za zamani ziliharibika kwa bahati mbaya tu.

Shauri kwa wapiga picha

1. Mwenye kamera, ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au mbingu, fungua tundu hatua moja au moja na nusu zaidi ya kamera inavyotaka. Ikisema 11, weka 8.

2. Mwenye simu, ujue kwamba tundu la simu nyingi halibadiliki. Simu hucheza na muda na wepesi wa kupokea nuru. Kwa hiyo gusa kwa kidole mahali pa uso katika kioo cha simu, ili ipime uso wala si ukuta. Simu nyingi huonyesha alama ya jua. Ivute juu mpaka macho yaonekane.

3. Usimsimamishe mtu juani saa sita mchana, kwa maana macho yake huwa mashimo ya kivuli. Msogeze ukingoni mwa kivuli cha mti au baraza, uso wake ukielekea penye mwanga wa wazi.

4. Usipige uso huku jua likiwa nyuma ya mtu, isipokuwa umekwisha kupima uso wenyewe.

5. Ukipiga picha ya hati, kama karatasi ya shamba au cheti, iweke mahali pasipo jua la moja kwa moja wala kivuli cha mkono wako, na ushike simu sambamba na karatasi.

6. Usimpige mtu picha bila ya idhini yake, hasa wagonjwa, wafiwa na watoto wa watu.

7. Ukiisha kupiga, itazame picha kabla mtu hajaondoka. Ikiwa macho hayaonekani, rudia papo hapo. Kurudia ni dakika moja, na kumrudisha mzee kutoka kijijini kwake ni safari ya siku nzima.

Basi, ndugu wasomaji, walimu waonyeshe chumba cha giza shuleni, na vijana wenye simu waende kwa babu na bibi zao wakati bado wapo, wawakalishe ukingoni mwa kivuli, na kuzipima nyuso zao kabla ya kupiga.